Wa Nne

Umeniuliza jana garini, Thuwaiba,
nilimfanyaje Muhanna mpaka akasema.
Sikumfanya kitu. Na kalamu yako iweke kwanza,
hili halina mahali kwenye fomu.

Faili lilinifikia nene, limefungwa kwa mpira:
mvulana, miaka tisa, Ibra, nyuma ya soko la zamani,
hukosa shule kila Jumatano.
Mama yuko Al Ain kwa mume mwingine.
Baba yuko jangwani kwenye visima vya mafuta,
wiki sita huko, mbili nyumbani.
Mlezi: bibi.
Na chini, kwa miandiko ya watu watatu,
maneno yaleyale: hawatoi ushirikiano.

Siku ya kwanza mlango ulifunguka upana wa jicho.
"Wewe wa ngapi?"
Nikataja jina langu. Hakuwa ameuliza jina.
"Wa nne," akajijibu, akafunga.

Siku ya pili Bi Shinuna aliniketisha
karibu na kiyoyozi kinachotonesha maji kwenye kopo la maziwa.
Nikauliza maswali yangu yote kwa mpango,
akayajibu yote kwa adabu, alhamdulillahi, alhamdulillahi,
nikatoka na karatasi iliyojaa
na sijui kitu.

Siku ya tatu akacheka. "Mgeni siku mbili,"
kwa Kiswahili cha Unguja alichotoka nacho akiwa mtoto,
"ya tatu mpe jembe. Mie jembe hapa sina."
Akanitia mikononi sinia la mchele.
Tukachagua. Sikuuliza.
Kopo lilipojaa Muhanna alitoka chumbani,
akalibeba bila kunitazama, akamwagia mrehani dirishani,
akalirudisha palepale, chini ya tone.
Nikajua huyu hupima kila kitu.

Ilikuwa ziara ya saba, au ya nane,
mimi nilishaacha kuhesabu, yeye hakuacha,
bibi akavua miwani akaniambia haoni tena namba za sindano.
Sukari. Tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Na Jumatano ndiyo siku ya kliniki,
foleni, karatasi, Kiarabu cha daktari cha mbiombio,
nani amshike mkono?
Watatu walikuwa wameandika: utoro.
Hata mimi ningeliandika. Wino ulikuwepo.

Nikamwambia Muhanna: Jumatano nitampeleka mimi,
wewe nenda shule.
Akachora duara kwenye kalenda ya duka la halua.
Duara la kwanza nikafika. La pili. La tatu.

La nne mvua ilishuka milimani.
Wadi likakata barabara, nikakaa ng'ambo saa tano
nikitazama shina la mtende likipita na maji mekundu,
na jokofu la mtu, mlango wazi.
Simu haikushika.

Alhamisi nikafika, matope mpaka kifundoni.
Nikabisha. Nikaeleza mvua, barabara, mtandao.
Mlango ukasikiliza.
Kisha sauti yake, chini, usawa wa kitasa:
"Wa tano anakuja lini?"

Hapo, Thuwaiba, nilikuwa na majibu mengi mazuri,
niliyasomea miaka minne.
Nikakaa kwenye ngazi. Jua likapanda ukutani.
Nilimkosea, nikasema hivyo,
mara moja, bila ya mvua.
Paka akaja akanusa viatu vyangu, akaondoka.

"Nitakuja kesho," nikasema.
"Kesho Ijumaa. Hamfanyi kazi."
"Najua."

Kimya kirefu, hata nikadhani amekwenda ndani.
Halafu mlango ukafunguka upana wa mkono,
ukatoka mkono,
ukaweka gilasi ya maji kwenye sakafu, imejaa hadi ukingoni,
isimwagike hata tone.

Mlango ukarudi.
Nikatega sikio nisikie komeo.

Halikulia.