Mlango wa Saa Tatu

Kwanza niungame: ukurasa wa mwisho mimi huusoma mapema.
Naufunua kitabu kama mpishi anayeonja mchuzi,
kisha narudi mwanzo kwa adabu, kana kwamba sijui neno.
Atakayekufa namjua. Hufa upya hata hivyo, nami hulia upya.
Nimewalilia watu ambao hawakuzaliwa kamwe,
na siku tulipomzika shemeji yangu Hrant
nilikuwa nikihesabu vifungo vya joho la padri.

Mimi ni mshona nguo. Gyumri, orofa ya nne, ngazi sitini na nane.
Zamani riwaya niliificha chini ya kitambaa cha mteja;
cherehani iliponyamaza, mama mkwe alijua
kuna mtu anabusiwa mahali fulani.

Majira ya baridi yale umeme ulikuja saa moja kwa siku,
kama mgeni asiyevua koti.
Nasi tulikuwa na tamthilia kutoka Meksiko,
imetiwa sauti ya mwanamume mmoja tu:
yeye ndiye bibi harusi, yeye mlevi, yeye kichanga.
Saa tatu kasoro majirani walipanda na mablanketi,
Siranush na viazi viwili mfukoni vya kuchoma katika jiko langu,
Onik wa bucha aliyeapa kuwa amefuata joto.
Uhondo wa ngoma uingie ucheze, wanasema.
Wetu ulikuwa wa kuketi, goti kwa goti,
pumzi zetu zikitia ukungu kioo cha televisheni.

Usiku mmoja hodi ikapigwa.
Si kwetu. Kwake, yule mjane mwenye hereni ndefu.
Akashika kitasa. Machozi yakasita, yaanguke yasianguke.
Mlango ukafunguka upana wa kidole

na umeme ukakatika.

Giza likaketi nasi.
Kisha Onik, ambaye eti hakuwa akitazama, akapiga ukelele:
"Mumewe! Yu hai! Nilijua tangu mwanzo!"
Siranush akasema ni binti aliyeibwa hospitalini.
Wakabishana hadi mishumaa ikalainika.
Mama mkwe, ambaye hakuwahi kusifu pindo langu hata moja,
akasema polepole kwamba pale mlangoni hapakuwa na mtu.
Ni upepo. Na mjane atasimama palepale hadi asubuhi,
kwa maana angalau upepo umebisha.

Tukanyamaza. Kiazi kikapasuka jivuni.
Nilimpenda kwa mara ya kwanza, gizani, bila kumwona.

Huku kwetu ngano humalizwa kwa matufaha matatu toka mbinguni:
la msimulizi, la msikilizaji, la aliyetia moyoni.
Usiku ule lilimwangukia kila mtu, hata muuza nyama.

Siku hizi umeme haukatiki.
Mjukuu wangu Arpine kanitafutia tamthilia ile kwenye simu,
vipindi vyote mia na arobaini, vimepangwa kama soksi.
Niliruka moja kwa moja hadi mlangoni.

Alikuwa tarishi. Amekosea nyumba.

Nilicheka hadi sindano ikanidondoka.
Miaka thelathini nimebeba mume, binti, na upepo,
kumbe ni bahasha ya jirani.
Nikaizima simu. Tarishi nikamwacha nje,
upepo nikaurudisha ndani.

Kitabu kilicho mapajani leo ni kinene, cha kuazima.
Ukurasa wa tisini una doa la kahawa la mtu nisiyemjua:
naye alishtuka papa hapa, nikasikia kikombe chake.
Ukurasa wa mwisho sijausoma. Mara ya kwanza maishani.
Nimeubana kwa pini mbili za kushonea,
nimezima taa kwa mkono wangu mwenyewe,
nangoja nione nani atabisha.