Kikohozi cha Odessa

Dakika ya nne, sekunde ya kumi na moja,
tarumbeta inapovuta pumzi,
mtu anakohoa.

Ni shangazi yangu Odessa.
Detroit, Januari, mtaa wa Hastings,
mafua kayatoa kiwandani,
pesa ya tiketi kakopa.

Mafahali wawili hawakai zizi moja.
Hawa walikuwa watano, na walikaa,
usiku mmoja tu.
Saksafoni inamkata kauli mpiga piano,
piano inajibu kwa kejeli, nusu sauti juu,
ngoma haiamui ugomvi, inachochea,
mbio, mbio, hadi kiwimbo cha mapenzi tulichokizoea
hata mtunzi wake asingekitambua.

Fundi mitambo alitaka kukifuta kile kikohozi.
Kikamshinda: kimeing'ang'ania noti
kama kupe na mkia.

Ukumbi ulivunjwa, barabara kuu ikapita juu yake.
Mabingwa wamezikwa, kila mmoja kwao.
Odessa naye, tangu theluji iliyopita.

Usiku naweka santuri, nashusha sindano,
nahesabu.
Tarumbeta inavuta pumzi.

Pole, shangazi.
Hayo mafua hayajaisha tu?