Bushi ya Tatu

Waraka umefika Jumanne, pamoja na upepo:
injini zote za namba kuanzia hii hadi ile,
kabla ya saa kumi za kuruka kwisha,
zifunguliwe, zikaguliwe, bushi za konrodi zitolewe,
ziwe nzima, ziwe mbovu.
Nimesoma mara mbili. *Ziwe nzima.*
Namba ya Don Fermín imo humo, katikati, haina wasiwasi.

"Inaimba," anasema Don Fermín Oyarzo,
akilipiga bawa kofi kama shingo ya farasi wake.
"Jana nimetoka nayo Cochrane. Ilikohoa? Haikukohoa.
Theluji imefunga barabara, mwalimu anangoja,
kuna mjamzito wa miezi minane, kuna magunia ya unga,
na wewe, Eduvina, unaniletea karatasi."

Ndiyo. Nakuletea karatasi.

Nimemwaga oili ingali vuguvugu.
Nimekata chujio, nimelikunjua juu ya gazeti
mkunjo kwa mkunjo, kama atafutaye chawa
kichwani kwa mtoto wa shule.
Natafuta chenga za shaba, mng'ao wa njano.
Hakuna. Weusi tu, weusi wa kawaida.
Don Fermín anacheka kwa pua.

Silinda ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu nati imegoma: nikaipa moto, nikaipa matusi,
ikalegea kwa matusi.
Bushi ikatoka, ikalala kiganjani,
pete ya shaba, kidole gumba kinapita.
Nikaizungusha chini ya lenzi hadi jicho likatoa machozi.
Safi. Haina hata mkwaruzo.

Hapo ndipo mtu hujaribiwa.
Seti mpya bei yake kondoo sita.
Kurudisha za zamani, nani angejua?

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
walikuwa wamesimama ardhini,
wana udongo, wana maji, wana kesho asubuhi.
Futi elfu nane juu ya barafu
utajenga ukuta gani, na nani akupe tofali?
Na ufa wenyewe sijauona.

Nimetia mpya. Nimekaza kwa kipimo,
nimesokota waya wa usalama hadi ncha ikanichoma,
nimeandika daftarini saa, tarehe, namba,
na jina langu lote, Eduvina Ñancupel Vera,
kwa mwandiko ambao hata mjane angeusoma.

Ijumaa anga likafunguka.
Mwalimu alipanda na paka kikapuni,
akauliza tu kama njiani kuna mitikisiko.
"Ipo," nikamwambia. "Mshike paka."

Bushi ya tatu iko ofisini kwa Don Fermín.
Kibuyu chake cha mate, kilichozoea kupinduka
kila upepo ukigonga mlango,
sasa kinakaa juu yake, wima.
"Kondoo sita," husema akinijazia zamu yangu.
Napokea. Nakunywa.
Ni chungu, na moto wake unafika hadi vidoleni.