Dumu Ndani ya Friji

Saa ishirini na nne Inkeri akikojoa dumuni,
akilirudisha frijini kando ya maziwa.
Kahawa marufuku. Ndizi pia.
Nje Oulu imeganda; yeye jasho lamtiririka.

Miaka sita wamemwita mwoga:
moyo mbio, uso mweupe,
naye anakata karoti tu.
"Punguza mawazo." Akatafuta ya kupunguza, hakuyaona.

Leo jibu la maabara:
mabaki ya adrenalini, mara tisa ya kawaida.
Moto huzaa jivu; na jivu jingi hivi
lina jiko lake mahali.
Wakalikuta juu ya figo, uvimbe kama zabibu,
ukipika hofu isiyo na mwenyewe.

Inkeri alicheka hadi akalia.
Mumewe, wa kwanza kumwita mwoga,
anatafuta koti
alilolivaa.