Mlango 5222

Nachingwea, saa nne usiku, umeme umerudi.
Somoe yuko Maskati. Kitone cha jina lake ni kijivu,
na ujumbe wangu una saa, ile saa ndogo
isiyosogea.

Nimezima modemu, nimehesabu hadi thelathini, nimewasha.
Nimechomoa waya, nimeupuliza
kama apulizaye jivu kwenye korosho ya kuchoma.
Kurasa zinafunguka. Bei za mnadani nazisoma.
Maongezi tu ndiyo hayapiti.

Mama, kutoka jikoni: kuna nini?
Ukuta wa moto, namjibu.
"Moto gani huo, hata chai hauchemshi?"

Niliujenga mwenyewe, Agosti,
wezi wa nywila walipomkomba jirani yetu Chilumba.
Nikafunga milango yote, elfu sitini na kitu,
nikalala kwa fahari.
Na mmojawapo ndio Somoe huubishia hodi.

Miezi miwili nikidhani amenuna.
Naye huko, pengine, akininunia.

Nafungua mmoja. Mmoja tu.
Saa inageuka tiki, tiki mbili,
kisha jumbe zinamwagika, za Septemba juu ya za Agosti:
"Mbona kimya? Mguu wa mama vipi?"

"Kasemaje?" anauliza mama, anachechemea kuja.
Navuta kigoda.
Naanza kumsomea tangu Agosti.