Nipeli ya Nusu Inchi

Gari la Bi Leokadia haliendi tena popote,
ila yeye hasemi hivyo. Husema: limepumzika.
Lilikuwa gari la kupimia damu vijijini,
akalinunua mnadani mwaka aliostaafu ukunga,
akaweka kitanda palipokuwa na friji,
sinki, jiko, bafu la kimo chake,
hita ya lita ishirini chini ya kiti cha nyuma.
Sasa limeegeshwa Luchelele, juu ya mawe,
pua imeelekea ziwani
kama ng'ombe aliyesahau alichofuata.

Simu yake ya asubuhi haikuwa na salamu ndefu:
“Masunga, maji yangu ya moto yanatoka damu.”
Mkunga akisema damu, nawe unavaa viatu.

Majirani walikwisha kuhukumu.
Mmoja: ziwa limeoza tangu magugu yarudi.
Mwingine: ni mamlaka ya maji, na mabomba yao ya kale.
Wa tatu hakusema. Alilitazama tu lile gari
lililobeba damu za watu miaka kumi na tano,
akamsogeza mbuzi wake mbali kidogo.

Mimi niliomba bakuli mbili nyeupe.
Koki ya baridi: maji safi,
unaona hadi ua lililochorwa chini.
Koki ya moto: rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
na chembe zikizama polepole,
nyekundu, kama vumbi la njia ya Kayenze.
Basi ziwa nikaliachia huru. Na mamlaka pia.
Kesi ikabaki kati ya hita na koki,
mita moja na robo.

Nikafunga gesi, nikangoja tangi lipoe,
nikachomoa fimbo ya magnesi.
Ilibaki waya, na vidonge viwili kama chokaa.
Nikamweleza: hii huwekwa ili iliwe,
kutu imalize njaa kwake, tangi lisalimike.
Akaishika, akaigeuza kwenye mwanga.
“Ilikuwa na mshahara?”

Tulicheka. Lakini tochi haikucheka:
ndani ya tangi, tope kidogo tu.
Tope lile haliwezi kupaka bakuli hivi.
Nikalifuata bomba kwa vidole
nyuma ya ubao, kwenye giza la mende,
hadi pale linapovimba na kumenyeka.
Nipeli ya chuma, nusu inchi,
katikati ya bomba la shaba.
Mjinga gani, nikaanza kusema,
chuma na shaba ndani ya maji ya moto,
lazima mmoja amle mwenzake

kisha nikaiona katani.
Imezungushwa kwa mkono wa kushoto,
mara tano, ncha ikapigwa fundo.
Mwanza nzima fundi wa kushoto afungaye fundo
(wenzangu wa Kirumba hunicheka hadi leo)
ni mmoja.

Miaka minne nyuma, Jumamosi.
Duka la Makoroboi limeishiwa shaba,
nami nina harusi Magu, shati limeshapigwa pasi.
Nikasema itatosha.
Kwenye risiti nikaandika: shaba.

“Umeona nini?” akaita toka nje.
“Kiungo. Kimechoka.”
“Nani alikiweka?”
Nikaiangusha spana, ikapiga kelele kwa niaba yangu.

Jioni nimeshafunga kiungo kipya, na fimbo mpya,
nimelisuuza tangi mara tatu.
Bakuli ya nne, ua likaonekana hadi kijani cha jani.
Akatia mikono ndani,
mikono iliyopokea nusu ya watoto wa Nyegezi;
hakunawa, aliiacha tu humo, mvuke ukimpanda usoni.

“Kiasi gani?”
“Hapana, Bi. Leo hapana.”
Akanitazama anavyomtazama mama
anayeapa uchungu haujaanza.
“Fundi wa bure,” akasema, “ndiye aliyeharibu.”
Akanihesabia pesa ya fimbo, shilingi kwa shilingi.
Ya ufundi akairudisha kibindoni.

Nipeli nilitoka nayo mfukoni.
Suruali imefuliwa mara mbili.
Doa ni duara, nusu inchi,
halijatoka.