Nguo ya Kuazima

Mkokoteni wa maji haukuwa na breki,
na Nyamawi hakuwa na nguvu za kuzuia mitungi ishirini
kwenye mteremko wa Kibokoni.
Nilikuwa barazani napima bega la kanzu.
Chuma kilinifika muundini
kabla ya ile sauti, "Fundi, pisha!"

Wiki ya pili Makadara, kidonda kimeoshwa hata kimechoka.
Mfupa u wazi, mkavu,
mweupe mfano wa chaki yangu.
"Mfupa hauvumilii upepo," alisema Daktari Munira.
"Na ngozi nyembamba haitashika hapa.
Unataka kiraka chenye damu yake."

Akakata shashi kwa kipimo cha shimo,
akailaza juu ya kigimbi cha kushoto,
mguu usio na kosa,
akaizungushia wino.
Nikamwambia: acha nafasi ya pindo,
nyama ikivimba itavuta.
Akacheka. Akaongeza upana wa kidole.

Lakini mimi kiraka hukikata pande nne.
Yeye alikata tatu.
Wa nne akauacha umeshika kushoto,
maana humo ndimo mshipa unamopita,
akanishona mguu kwa mguu,
vyuma vikizuia visigombane,
siku ishirini na moja.

Kila saa, usiku kucha, Sista Mbeyu
hubonyeza kwa kidole: panakuwa peupe,
kisha wekundu unarudi. Huhesabu. Moja. Mbili.
"Kinakunywa," husema, huandika, huenda.
Usiku wa nne ncha iliiva rangi ya zambarau.
Akaita watu. Wakafungua nyuzi mbili.
Sikuuliza kitu hadi adhana.

Inzi alitua mguu wa kulia,
nikamhisi kushoto.
Esha akadhani homa imenipanda kichwani.
Ngozi ilikuwa imehama nyumba,
haijahamisha jina.

Nyamawi alikuja kila Ijumaa na mtungi mmoja
wa maji matamu. Haketi. Hasemi.

Mwisho wakaanza kuubana ule upande wa nne kwa mpira,
dakika tano, kumi, nusu saa,
kama mtoto anayeachishwa ziwa,
mpaka siku ya mkasi.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Nimeisema mwenyewe, nikiwacheka mabwana harusi.
Hii imesitiri.
Imefura kama andazi, vinyweleo vyaelekea juu,
na kushoto pamebaki bonde la kiganja kizima
lililozibwa kwa ngozi ya paja.
Esha hushonesha sketi na haangalii.
Mimi huangalia.

Leo nimekanyaga cherehani.
Kazi ya kwanza, suruali ya Nyamawi, imetoboka goti.
Nimechora kiraka, nimekata upande, upande, upande,
na mkasi umesita
kwenye ule wa nne.